Waliniita Mwizi



Nilipoanza shule hapa Kampala nikitoka Bukavu, sikujua Luganda. Nilifungua tu kinywa kwa Kiswahili, darasa likapiga kelele: "Mwizi!" Kila mapumziko walinipekua, chakula changu wakala wao.

Baadaye mama mmoja kanisani alinieleza. Enzi za Amin, 1971 hadi 1979, askari waliotisha watu walisema Kiswahili. Watoto wale walirithi woga wa wazazi. Sawa, nimeelewa, lakini njaa ilikuwa yangu.

Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilipendekeza Kiswahili kifundishwe shuleni kwa lazima. Mmoja wa walionipekua akaniletea mtoto wake nimfundishe. Nilimpokea, ingawa si siku ile ile.

Wewe mzazi, wako wanamwitaje shuleni? Muulize leo, halafu nyamaza umsikilize.