Fundo Halipigwi Msumari

Wajukuu zangu, mambo ya subira na kustahiana yameshasemwa na wanaojua kusema, siyarudii. Mimi ni seremala. Nimezeekea kwenye maranda hapa Ngamiani, Tanga, na ninayoyajua ya ndoa mengi nimeyapata mkononi.

Bwana harusi, mvule unaujua, umecheza karakanani kwangu tangu mdogo. Nyuzi zake hazishiki njia moja: shibiri hii zinakwenda, shibiri ya pili zinarudi. Unapiga randa ukidhani umemaliza, mara nyuzi zinanyanyuka, ubao wote madonda. Na tumboni mwake mvule huficha mawe, mawe kweli ya chokaa. Msumeno ukikutana na jiwe, meno kwisha. Mwanafunzi huukasirikia mti, akakandamiza. Fundi huacha. Ananoa, anarudisha kisu cha randa ndani hadi maranda yatoke membamba, kisha anahamia upande wa pili wa meza. Anahama yeye, maana ubao hauhami.

Sasa, bi harusi, huyu mumeo akinuna hasemi. Ukimuuliza mara tatu atavaa makubadhi atoke. Mwache ale kwanza. Na wewe bwana, wakwe zako wameniambia wenyewe, tena wanacheka, kwamba binti yao akisema hataki, hataki. Pesa ya matumizi mkishindwana usiku, laleni, mtaisema asubuhi kwenye chai.

Fundo halipigwi msumari, ubao utapasuka. Msumari unasogezwa pembeni. Kila mmoja wenu amekuja na fundo lake: mwingine la mama yake, mwingine la maneno aliyowahi kuambiwa. Mkishalijua lilipo, lipisheni. Wala msituite sisi wazee na nyundo zetu kila Ijumaa. Nyumba nyingi mjini hapa zimepasuliwa na wasuluhishi.

Msitamani mwenzenu angekuwa laini, vilevile. Misonobari ya Lushoto imenyooka, randa inateleza tu, nami nimeipigia dari nyingi. Isipotiwa dawa, mchwa wa Tanga hawabakishi kitu. Mvule wanaupita.

Haya, nisiwacheleweshee biriani. Kitanda chenu nimeshakipeleka. Ni kizito, msikiburute, kinyanyueni watu wanne. Mguu ukilegea niiteni. Kwa hilo nitakuja hata usiku wa manane.