Nyumba Rahisi Yaweza Kuwa Ghali
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama)



Wako wenzetu wafanyao kazi mjini Homa Bay wakapanga Rodi Kopany, na wa kiwanda cha sukari cha Awendo wakapanga Rongo au Migori, wakifuata kodi ndogo. Na tufanye hesabu. Siku 26 za kazi, kwenda na kurudi, ni safari 52. Tuseme nauli ni shilingi 50: hizo ni shilingi 2,600 kwa mwezi. Kodi ikiwa imepungua shilingi 1,500 tu, tumepoteza 1,100. Naye atokaye zamu ya usiku hulipa pikipiki zaidi.

Tena tuulize: Maji yako karibu? Shule je? Njia ni salama usiku?

Wala tusisahau haki yetu. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 31, yamtaka tajiri atupe nyumba karibu na kazi, au atulipe fedha za kutosha kodi juu ya mshahara, ila pale mkataba wa kazi au mapatano ya chama yalipokwisha kuzichanganya. Kila mmoja atazame karatasi yake ya mshahara. Asipoziona, amwone mjumbe wa chama kabla ya kuhama.