NGOMA ILIYOVUKA BAHARI
Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Kaeni vizuri, na mwenye meza mbele yake aondoe daftari kidogo, maana leo tutaitumia meza hiyo kama ngoma.

Somo letu la leo ni nyimbo. Nyimbo zenyewe zimo katika sinema ya katuni iitwayo Rio, iliyotoka mwaka 2011. Aliyeiongoza ni Bwana Carlos Saldanha, mzaliwa wa Rio de Janeiro, mji mkubwa wa nchi ya Brazili. Brazili iko Amerika ya Kusini. Ukisimama pwani ya Angola ukaelekeza uso magharibi, Brazili iko mbele yako, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Likumbukeni jambo hilo, kwani tutalirudia.

Kisa cha sinema ni hiki. Kinda la kasuku wa buluu, jina lake Blu, linakamatwa na wezi wa ndege na kupelekwa Marekani, kwenye baridi na theluji. Huko Blu anapata bibi mwema wa kumtunza. Anakula vizuri, anakua, lakini hajui kuruka. Siku moja anarudishwa Rio ili akutane na jike wa aina yake, na safari yake ya kujifunza upya inaanza. Kasuku wa namna hii si wa hadithi tu. Mwaka 2019 ilitangazwa kwamba wametoweka porini, wakabaki wale waliofugwa. Na mwaka 2022 wanane waliachiwa tena katika jimbo la Bahia, huko huko Brazili.

Basi tuje kwenye nyimbo. Sinema inaanza kwa wimbo uitwao Real in Rio. Ndege wa msituni wanaimba na kucheza kwa makundi, kama watu wa Rio wachezavyo katika sherehe yao kubwa ya karnivali. Furaha haijatulia, mara mitego inafyatuka na ndege wanatiwa vizimbani. Mwishoni mwa sinema wimbo huo unarudi tena, na safari hii ndege wako huru.

Muziki wa wimbo huu ulitungwa na Wabrazili wawili, Sergio Mendes na Carlinhos Brown, na maneno yake yakaandikwa na Bibi Siedah Garrett wa Marekani. Mwaka 2012 ulishindanishwa kupata tuzo ya Oscar. Nyimbo zilizoshindana mwaka ule zilikuwa mbili tu, na huu haukushinda. Marehemu Mendes, aliyefariki mwaka 2024, alizaliwa Niterói, mji unaotazamana na Rio. Brown ni mpiga ngoma wa Salvador, mji mkuu wa jimbo la Bahia.

Wimbo wa pili wa kuujua ni Mas Que Nada. Huu ni wa zamani kuliko sinema yenyewe. Ulitungwa na Jorge Ben, ukatoka katika santuri mwaka 1963. Mwaka 1966 Mendes aliupiga na bendi yake ukavuma duniani, kisha akaupiga upya kwa ajili ya sinema hii. Jina lake ni usemi wa mtaani wa kukataa jambo, kama sisi tunavyosema "Wapi bwana!"

Lakini tusidanganyane: si kila wimbo wa sinema hii ni samba. Mathalani, Hot Wings huimbwa na ndege wawili wadogo, Nico na Pedro, na ndani yake mna dansi ya Kimarekani iliyochanganywa. Pretty Bird nao ni wimbo wa kasuku mweupe mwovu, Nigel, ambaye anausema karibu kama majigambo. Kwa hiyo inatupasa tujue samba ni ipi, ili sikio letu liweze kuchagua.

Sasa wekeni mikono mezani. Samba huhesabiwa mbili mbili. Gongeni polepole: moja, hafifu; mbili, nzito. Moja, mbili. Moja, mbili. Ule mpigo mzito wa pili hupigwa na ngoma kubwa iitwayo surdo. Juu yake huja vyombo vidogo vyenye sauti za haraka: kayamba, kengele, na tari yenye visahani pembeni, ambayo wao huiita pandeiro. Kuna na ngoma moja ya ajabu iitwayo cuíca. Kwa ndani, katikati ya ngozi, imefungwa fimbo nyembamba. Mpigaji huisugua fimbo kwa kitambaa kibichi, nayo ngoma hulia kama mtu anayecheka na kulia kwa pamoja.

Je, vyombo hivi na mipigo hii vilitoka wapi? Hapa ndipo turudi kwenye ile bahari. Tangu karne ya 16 hata ya 19, Waafrika wanaokadiriwa kuwa karibu milioni 5 walipelekwa Brazili utumwani. Wengi walitoka Angola na Kongo, na wako waliotoka hata Msumbiji. Katika mji huo huo wa Rio kuna mahali paitwapo Valongo, ambapo watumwa wapatao 900,000 walishushwa melini. Mwaka 2017 UNESCO iliandika mahali hapo katika orodha ya urithi wa dunia. Utumwa wa Brazili ulikomeshwa mwaka 1888.

Watu wale hawakuruhusiwa kuchukua mali. Walichukua kilichomo kichwani na mikononi. Wataalamu wengi hulihusisha neno samba na neno semba la Kikimbundu, lugha ya Angola. Kikimbundu ni ndugu wa Kiswahili: wao nao ngoma huiita ngoma, na mtu humwita mutu.

Wala msidhani kwamba samba ilipendwa tangu mwanzo. Baada ya utumwa kwisha, polisi wa Rio waliwasumbua wapigaji wake kama wazururaji. João da Baiana, mpigaji maarufu wa pandeiro, alisimulia jinsi polisi walivyomnyang'anya tari yake, hata mheshimiwa mmoja wa baraza la Senati akampa nyingine yenye maandishi ya kumkinga. Samba iliishi katika nyumba za akina mama waliohamia kutoka Bahia, kama Bibi Ciata. Santuri ya Pelo Telefone, ambayo wengi huihesabu kuwa samba ya kwanza kurekodiwa, ilitoka mwaka 1917. Mwaka 1928 ndipo chama cha kwanza kilichojiita shule ya samba, Deixa Falar, kilipoanzishwa katika mtaa wa Estácio.

Basi ngoma iliyokuwa ikimtia mtu mashakani ndiyo leo inayowafungulia watoto sinema. Mtakapousikia wimbo ule wa ndege, furahini nao, kwani uliimbwa ili ufurahishe. Lakini sikilizeni na ule mpigo mzito wa chini. Waliouleta walikamatwa wakapandishwa melini, na mpigo huo haukuwatoka mikononi.

Kabla hatujaagana, nawaachieni kazi. Kwanza, andikeni kwa maneno yenu kwa nini samba hufanana na ngoma za Kiafrika. Pili, mwulizeni mzee mmoja wa kwenu: ni ngoma gani iliyokuwa ikipigwa zamani na sasa haisikiki? Liandikeni jina la ngoma hiyo, na jina la mtu wa mwisho aliyejulikana kuipiga. Mtasomeana majibu darasani juma lijalo.

Kwaherini, ndugu wanafunzi.