Mgonjwa wa Saratani Akitoka Kupasuliwa, Ale Nini Mwezi Huu?



Ndugu msomaji, maneno haya niliyasema mbele ya vijana wenzangu baada ya swala ya alasiri hapa Ukunda, nami nikaombwa niyaandike. Mimi si daktari, ni mwanafunzi tu. Lakini yamenifika nyumbani, na najua nyumba nyingi kutoka Diani hadi Msambweni yamezifika au yatazifika. Kwa makadirio ya mwaka 2022, Wakenya zaidi ya 44,000 hupatikana na saratani kwa mwaka mmoja.

Mjomba wangu ni mvuvi wa Gazi. Alipatikana na saratani ya tumbo, akapasuliwa Mombasa, na sehemu kubwa ya tumbo la chakula ikakatwa. Alirudi nyumbani wiki tatu kabla ya Ramadhani. Sasa si mnatujua watu wa Pwani? Kila jamaa aliyekuja kumtazama alikuja na sheria yake. Huyu asema asile samaki, kidonda kitanuka. Yule asema mayai yatatia usaha. Mwengine asema kitu chochote kitamu kitalisha saratani. Mtu aliyewalisha wenzake samaki miaka thelathini akabaki na uji mweupe na supu ya mifupa.

Ramadhani ikaandama, akasema atafunga. Na mimi, niliyesoma madrasa tangu utotoni na kurudi likizo na kitabu changu kwapani, nikamsifu. Nikamwambia hiyo ndiyo imani. Wallahi mpaka leo neno lile laniuma. Siku ya nne alifuturu kwa bilauri ya juisi ya embe na kaimati tano. Haikupita nusu saa, jasho likamtoka, moyo ukamwenda mbio, akaanguka mlangoni. Tulipompeleka kupimwa alikuwa amepungua kilo sita tangu apasuliwe, na dawa ya mshipani aliyopangiwa ikabidi iahirishwe mpaka apate nguvu. Saratani haikutungojea sisi tumalize kubishana juu ya mayai.

Nilimwendea ustadh wangu aliyenifundisha, nikitarajia anipe moyo. Akanikemea. Akaniambia nirudi Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, nisome tena ruhusa ya mgonjwa, maana nimeihifadhi bila kuielewa. Mgonjwa anayeambiwa na daktari mwaminifu kwamba funga itamdhuru, afungue. Akipona atalipa siku zake. Ikiwa ugonjwa hautarajiwi kupona, atatoa fidia, kibaba kimoja cha chakula cha mji kwa kila siku, apewe maskini. Na wala asijione mnyonge mbele ya watu.

Tuje kwenye chakula chenyewe. Mwili uliopasuliwa unajenga nyama upya, na kinachojengea ni protini. Wataalamu wa lishe ya wagonjwa wa saratani wanataka ipite gramu 1 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku, na ikiwezekana ifike gramu 1.5. Kwa mtu wa kilo 50, tuseme gramu 60 hivi. Yai moja lina gramu 6 hivi, bilauri ya maziwa 8, gramu mia za samaki kama 20, na kikombe cha pojo zilizoiva kama 14. Basi jumlisha: mayai mawili, bilauri mbili za maziwa, vipande viwili vya changu na kikombe kimoja cha pojo, umeshafika. Na ile supu ya mifupa tunayoiamini? Ni maji, chumvi na ladha. Yafaa kumtia mtu hamu, lakini nyama iliyobaki sufuriani ndiyo yenye kazi, na mara nyingi huliwa na waliokuja kumtazama mgonjwa!

Samaki wala mayai hayaozeshi kidonda. Yapikwe yakaiva vizuri, basi. Kusi likichafuka na samaki wakaadimika, kuna dagaa, mbaazi na kunde. Asiyeweza kutafuna, uji wa wimbi au mtama utiwe maziwa, na njugu au korosho zilizosagwa laini. Korosho tunazo hapa hapa Kwale. Uji wa shayiri, ile talbina iliyotajwa katika hadithi, nao ni mwepesi kwa mgonjwa. Tui la nazi lina nguvu nyingi, ila aanze na tui jepesi, maana zito laweza kumharisha. Habasoda na asali mimi sizipingi, lakini hazishiki nafasi ya chakula, na daktari aambiwe kila anachokunywa mgonjwa.

Aliyekatwa tumbo ana jambo lake peke yake. Tumbo limekuwa dogo, chakula chateremka upesi hadi utumboni, na kitu kitamu kikishuka kwa ghafla huvuta maji mengi huko. Ndiyo yale majasho ya mjomba. Juisi na kaimati juu ya tumbo tupu ndiyo futari mbaya kuliko zote kwake. Ale kidogo kidogo, mara sita kwa siku, aanze na samaki au yai, atafune taratibu, na maji ayanywe nusu saa baadaye. Wengine huhitaji pia sindano za vitamini B12, hilo muulizeni daktari wenu mapema. Aliyepasuliwa titi hana masharti haya ya tumbo. Yeye ale vizuri tu kama nilivyosema juu.

Mjomba alirudisha kilo nne, akapata dawa zake zote. Mwaka huu daktari bado hajamruhusu kufunga. Mke wa mjomba ameandika saa sita za kula kwa makaa ukutani jikoni, na mjomba hula nyuma ya nyumba pamoja na wajukuu wasiofika umri wa kufunga. Mdogo wao mmoja amezunguka mtaa mzima akitangaza kwamba babu anakula mchana. Mjomba hacheki wala hakasiriki, anauliza tu pojo zimeiva.