Kabla ya Kuvunja: Hoja ya Kihafidhina na Ushirika wa Tanzania



Mwaka 1976 Serikali yetu ilivivunja vyama vikuu vya ushirika, na mazao ya wakulima yakawekwa mikononi mwa mamlaka za mazao. Miaka minne kabla ya hapo halmashauri za wilaya zilikuwa zimekwisha kufutwa, chini ya mpango ulioitwa, kwa kejeli ambayo nadhani hakuna aliyeikusudia, Madaraka Mikoani. Naomba tuyatazame matukio hayo kwa jicho la mhafidhina, mtu ambaye katika siasa zetu hana chama na mara nyingi hana hata heshima.

Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianzisha chama chao mwaka 1925, huku walowezi wa Kizungu wakichukia kumwona Mwafrika akilima zao hilo. Chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro Native Co-operative Union (KNCU) kikachukua nafasi yake 1933, na mkoloni alikuwa na mkono wake humo, tusijidanganye. Kanda ya Ziwa, wakulima wa pamba waliochoka kupunjwa kwenye mizani waliungana katika miaka ya 1950, Paul Bomani akiwa miongoni mwa viongozi wao. Katika vyama vya namna hiyo watu hujifunza mambo yasiyofundishwa kwa waraka: nani akabidhiwe ufunguo wa ghala, deni la nani lisubiri msimu ujao, katibu mwizi aondolewe vipi bila mkutano kuvunjika.

Na wezi walikuwapo. Kamati ya Rais iliyochunguza ushirika mwaka 1966 ilikuta ubadhirifu na uongozi mbovu, wala sina sababu ya kuitilia shaka. Mwanamageuzi mwenye haraka na mhafidhina wote wameuona uozo huo. Wa kwanza anadai chombo kipya. Wa pili anauliza nani atapima pamba msimu ujao, na mkulima akipunjwa atamlalamikia nani. Swali hilo la mwisho lilikosa jibu. Katibu wa chama chenu mnaweza kumwondoa kwa kura. Meneja wa mamlaka ya zao, aliyeteuliwa kutoka juu, mtamwondoa kwa kura ipi?

Edmund Burke, mwanafikra wa kihafidhina aliyeandika mwaka 1790 kuhusu mapinduzi ya Ufaransa, angeyaelewa haya upesi. Lakini shahidi tunaye nyumbani. Mwalimu Nyerere mwenyewe, alipokaribia kung'atuka, alitaja kufutwa kwa serikali za mitaa na kuvunjwa kwa ushirika kuwa mambo ambayo asingeyarudia kama angeanza upya. Wahafidhina wetu, kama wapo, wameutumia ushahidi huo kidogo mno.

Wanaoanza kunishangilia wasubiri kwanza. Hoja hii haiokoi kila cha kale. Machifu walivuliwa madaraka mwaka 1963, na wengi walikuwa wamegeuzwa watoza kodi wa mkoloni. Mimi nauliza kama wanaoguswa na taasisi waliweza kuirekebisha wenyewe. Kwa kipimo hicho KNCU inapita. Chifu aliyelindwa na bwana shauri wa kikoloni anapita kwa shida. Tena wanapita watu ambao mhafidhina wa kawaida asingewagusa: wanavijiji wa Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, walioishi ujamaa kwa hiari yao hadi chama tawala, TANU, kilipokipiga marufuku chama chao mwaka 1969. Miaka minne baadaye kuhamia vijijini kulitangazwa kuwa amri kwa nchi nzima. Mhafidhina mwenye msimamo alipaswa kuwa wakili wa wajamaa wale wa Ruvuma. Sijui ni wangapi kati yetu tungekuwa na ujasiri huo.

Sheria za 1982 zilirudisha ushirika na halmashauri. Vyama vilirudi kama vilivyoondoka, kwa uamuzi wa Serikali, na ilibidi kungoja sheria ya 1991 ili uanachama wa hiari upate tena nafasi yake. Mjumbe wa kamati aliyekuwa na umri wa miaka 50 vyama vilipovunjwa, wakati huo alikuwa na 65. Mwanawe, aliyerithi mibuni katika miaka hiyo ya katikati, hakuwa na chama cha hiari cha kumfundisha kazi ambayo baba yake aliijua.