Mtoto Mahututi Hapangi Foleni

(Mazungumzo ya mkufunzi wa wahudumu wa afya mbele ya wakazi)

Nimeombwa nieleze mafunzo wanayopewa wauguzi, matabibu na madaktari kuhusu kumwokoa mtoto aliyefikishwa hospitalini hali yake ikiwa mbaya. Nitaanza na foleni, maana hapo ndipo tunapogombana.

Umefika alfajiri, umekaa kwenye benchi, wewe ni wa nne. Saa tatu anaingia mama na mtoto mgongoni. Muuguzi anamtazama mara moja, anamchukua mtoto na kumkimbiza ndani. Watu wanaanza kunung'unika: "Huyo ni jamaa yake." Jamani, mara nyingi hata hawajuani. Muuguzi amefundishwa kupita kwenye foleni akiwaangalia watoto wote: nani anapumua kwa shida, nani ana mikono baridi na amelegea, nani ana degedege au haamki, nani amekauka kwa kuhara. Dalili moja kati ya hizo inatosha kumwondoa mtoto kwenye foleni. Watoto wengi wanaofia hospitalini hufariki ndani ya saa 24 za kwanza, kwa hiyo dakika ishirini za benchi si jambo dogo.

Mafunzo yenyewe wahudumu wanayaita ETAT+. Msingi wake ulitoka Shirika la Afya Duniani. Wataalamu wa hapa Kenya wakaongeza matunzo ya mtoto mgonjwa akishalazwa, na ya mtoto mchanga, ndiyo maana ya ile alama ya kujumlisha. Huchukua siku tano, na sehemu kubwa si ya kuandika madaftarini. Mhudumu anapewa mwanasesere, mfuko wa kupumulia na kinyago chake, kisha anaambiwa: mtoto huyu amezaliwa sasa hivi, hapumui, fanya kazi. Anamkausha, anamfunika asipate baridi, anafungua njia ya hewa, na kabla dakika moja haijapita awe ameanza kumpa pumzi. Anarudia mpaka mikono iwe imezoea.

Kuna jambo moja ambalo wengi hushangaa wakilisikia. Zamani mtoto mwenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu aliwekewa maji mengi ya mshipa kwa haraka, na kila mtu aliona ni sawa. Mwaka 2011 yakatoka matokeo ya utafiti uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania, Kilifi ikiwemo, kwa watoto zaidi ya 3,000. Waliopewa maji kwa haraka walifariki zaidi: kati ya 10 na 11 kwa kila 100, wakati wasiopewa hivyo walikuwa 7 hivi. Kwa hiyo ukimwona muuguzi amepunguza kasi ya dripu ya mwanao, usiifungulie wewe. Mtoto aliyeishiwa maji kwa kuhara ana hesabu yake nyingine, na hiyo pia wanafundishwa.

Tuje nyumbani. Hapa Pwani degedege wengine huliita nyuni, na mtoto hupitishwa kwanza kwa mganga. Sikuja kutukana mila za mtu. Ninachosema ni kwamba degedege laweza kuwa malaria, homa ya uti wa mgongo au sukari kushuka mwilini, na hayo hayangoji. Mlaze mtoto ubavu. Usimtie kijiko, kitunguu wala dawa yoyote mdomoni. Ita bodaboda, twende.

Pia jifunzeni kuhesabu pumzi mtoto akiwa ametulia, dakika nzima kwa saa ya simu. Aliye chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi miwili hadi kumi na moja, 50. Mwaka mmoja hadi mitano, 40. Na mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, au ambaye kifua kinabonyea ndani akivuta pumzi, huyo apelekwe mara moja hata kama ni usiku.

Nanyi mnaokaa kwenye kamati za vituo vya afya, nina ombi. Ustadi huu hufifia usipotumiwa, na mhudumu aliyefunzwa huweza kuhamishiwa idara nyingine mwezi unaofuata. Mkikutana, msiulize tu ni wangapi wamepata cheti. Ulizeni kama leo zamu ya usiku ina mtu aliyefunzwa. Ulizeni oksijeni ipo. Ulizeni mfuko wa kupumulia wa watoto uko wapi. Ukiambiwa umo kabatini na mwenye ufunguo ameenda nyumbani, basi kituo hicho hakina mfuko.

Nakaribisha maswali. Wanasesere wako pale mezani, anayetaka kujaribu kumlaza mtoto ubavu aje mbele.