Maulana Hali, Mshairi Aliyewaamsha Watu Wake

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake. Ama baad.

Ndugu waheshimiwa, ushairi waweza kumlaza mtu, na waweza kumwamsha. Katika lugha ya Kiurdu, miongoni mwa walioamsha ni Maulana Altaf Husain, ajulikanaye kwa jina lake la ushairi, Hali.

Alizaliwa mwaka 1837 katika mji wa Panipat, kaskazini ya Delhi, Bara Hindi. Alihifadhi Kurani angali mtoto, na alipokuwa na umri wa miaka 9 akafiwa na baba yake. Alipotimiza miaka 17 jamaa zake walimwoza mke; lakini kiu ya elimu ilimzidi, akaondoka kwa siri, akaenda Delhi kwa miguu. Huko alipata kukaa karibu na Mirza Ghalib, mshairi mkuu wa zama zile.

Mwaka 1857 vilizuka vita vya kuwapinga Waingereza. Vilipokwisha, dola ya Mughal ilikuwa imeondoka, na Waislamu wengi wakabaki kuililia enzi iliyopita. Baadaye Hali alipata kazi Lahore, ya kusahihisha vitabu vilivyofasiriwa kwa Kiurdu kutoka Kiingereza. Mwaka 1874 alishiriki katika mabaraza ya mji huo, ambamo washairi hawakupewa mshororo wa kuufuatia kama ilivyokuwa ada, bali walipewa jambo la kulitungia.

Mwaka 1879, kwa kuhimizwa na Sir Syed Ahmad Khan, alitoa Musaddas yake. Ubeti wa takhmisi una mishororo mitano. Wa musaddas una sita. Humo alisimulia ujahili wa Waarabu kabla ya Mtume, kisha nuru ya Uislamu na elimu iliyostawi Baghdad na Andalusi, kisha uvivu na majivuno ya nasaba ya watu wa siku zake. Hakumbembeleza tajiri wala mwanachuoni. Sir Syed alisema kwamba siku ya Kiyama akiulizwa ameleta nini, atajibu kuwa alimfanya Hali atunge Musaddas.

Hata hivyo, shairi lile lilimalizika kwa huzuni. Mwaka 1886 Hali aliliongezea sehemu ya matumaini. Kwani tabibu amtajiaye mgonjwa maradhi yake, asimpe dawa, hajamtibu.

Wala hakuwasahau wanyonge wa nyumbani. Mwaka 1884, katika Munajat-e-Bewa, alitunga kwa lugha nyepesi dua ya mjane aliyeozwa angali mtoto, ambaye desturi ilimnyima mume wa pili. Sheria ya Kiislamu haikumkataza mjane kuolewa. Waliomkataza ni watu. Na mwaka 1893 alitoa Muqaddama, kitabu kilichofundisha kwamba ushairi uwe wa kweli, wenye lugha ya wazi na wenye manufaa.

Hali alifariki Panipat mwaka 1914. Hakuacha mali nyingi, bali aliacha funzo: mwenye kuwapenda watu wake huwaambia aibu yao, kisha huwaonyesha njia. Asemaye aibu peke yake huvunja nyoyo. Na asifuye peke yake huwalaza watu nyumba ikiungua.

Mwenyezi Mungu amrehemu, na atujaalie kuambiana kweli kwa upole. Amin.